Ujasusi si Mchezo wa Mapenzi: Filamu ya "The African Queen" na Vita Vilivyopita Kwetu

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake, Maswahaba zake, na kila mwenye kuwafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad:

Ndugu zetu katika imani, filamu imekuwa mwalimu asiye na likizo. Zamani kijana wa Hale aliyetaka kutazama filamu ilimbidi atafute kiingilio na aende kwenye banda la video, naye mzazi aliweza kumfuata huko akamrudisha nyumbani. Leo banda lote limo ndani ya simu yake, na mlango wake haufungwi usiku wala mchana. Kwa hiyo kusema tu "filamu ni haramu, zima" hakutoshi tena. Kijana atazima mbele yetu na kuwasha tukishampa kisogo. Inatupasa tujue anafundishwa nini humo, na tumpe kilicho bora kuliko hicho.

Miongoni mwa filamu zinazopendwa mno ni zile zinazochanganya vita, mapenzi na ujasusi. Mwanamume na mwanamke hukutanishwa na vita, huishi kwa kudanganya, hupendana wakiwa katika hatari, na mwisho hushinda. Chakula hiki si kipya. Hollywood ilikipika kwa wingi tangu Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwaka 1942 ilitoa "Casablanca", kisa kilichowekwa Moroko, nchi ya Waislamu, lakini wenye nchi wakawa ni wapita njia sokoni tu. Mwaka 1946 ikatoa "Notorious", ambamo mwanamke anakubali kuolewa na adui ili apate kumpeleleza, yaani ndoa, ambayo Allah (s.w.) ameiita ahadi nzito (4:21), inafanywa chambo.

Sisi tumechagua kuizungumzia filamu ya jamaa hiyo hiyo iliyotoka mwaka 1951, "The African Queen", kwa sababu kisa chake kimewekwa hapa kwetu, katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, Septemba 1914.

KISA CHENYEWE

Filamu hiyo iliongozwa na John Huston kutokana na riwaya ya Mwingereza C. S. Forester ya mwaka 1935, na ilipigwa kwa sehemu kubwa Uganda na Kongo. Askari wa Kijerumani wanakichoma kijiji na kuwaswaga wanakijiji. Mmishonari wa Kiingereza aliyekuwa hapo anafariki, na dada yake, Rose, anabaki peke yake. Anakuja nahodha wa kijimashua cha mvuke, Charlie Allnut, mtu mlevi lakini si mtu mbaya, anamchukua. Rose anamshawishi wateremke mto mpaka ziwani, watengeneze makombora, waizamishe manowari ya Wajerumani. Njiani wanapita maporomoko, ngome ya adui, mbu na ruba, na wanapendana. Mwishoni wanakamatwa, wanahukumiwa kunyongwa kuwa ni majasusi, na kabla ya kitanzi wanamwomba nahodha wa Kijerumani awafungishe ndoa. Anawafungisha. Mara manowari inajigonga kwenye makombora yao, inalipuka, nao wanaogelea wakiwa mume na mke. Humphrey Bogart, aliyecheza nafasi ya Allnut, alipewa tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo.

Allah (s.w.) anatuamrisha tuwe waadilifu hata kwa watu tusiopatana nao (5:8), basi tuseme lililo la haki. Filamu hiyo ina mambo mazuri. Rose anapouona ulevi wa mwenzake, anachukua chupa zake za pombe na kuzimwaga zote mtoni, na baada ya siku hiyo ndipo Allnut anapokuwa mtu. Wangapi kati yetu wana ujasiri huo kwa jamaa zao? Ndani yake mna subira, na mna watu wawili dhaifu wasiokata tamaa. Mwenye kusema kwamba hakuna chochote humo atakuwa hakutazama, na kijana aliyetazama hatamwamini tena hata atakapompa nasaha ya kweli.

Lakini kuna mambo matatu ambayo filamu hiyo imeyafanya mepesi, na hayo ndiyo tunayotaka kuyarudishia uzito wake: watu wa nchi hii, ujasusi, na hukumu juu ya mtu aliyetuhumiwa.

WENYE NCHI WAKO WAPI?

Waafrika wamo mwanzoni, wakiimba katika kanisa la mmishonari na vibanda vyao vikiteketea. Baada ya hapo wanageuka vivuli, na kisa kinakuwa cha Wazungu wawili na mto. Hata mto wenyewe umepotoshwa. Katika filamu Mto Ulanga unamwaga maji yake ziwani. Mtanzania yeyote aliyesoma jiografia anajua kwamba maji ya Ulanga huingia Rufiji na kuishia Bahari ya Hindi.

Manowari nayo ina asili yake ya kweli. Wajerumani walikuwa na meli Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika, iliyojengwa Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli, ikateremshwa majini mwaka 1915. Waingereza walileta mashua mbili ndogo za vita, Mimi na Toutou, zikavutwa nchi kavu kupitia Kongo mpaka ziwani, zikaiteka meli moja ya Kijerumani Desemba 1915 na kuizamisha nyingine Februari 1916. Ama Götzen haikulipuliwa na wapenzi wawili. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 isitekwe. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina ambalo watu wa Kigoma wanalijua vizuri.

Na huku kwetu? Novemba 1914 Waingereza walileta Tanga kikosi kutoka India cha watu wapatao 8,000. Aliyewakabili alikuwa Kanali Paul von Lettow-Vorbeck, mwenye askari wapatao 1,000 tu, wengi wao Waafrika, aliowakimbiza kwa treni kutoka upande wa Moshi kwa reli hii hii ipitayo Korogwe. Waingereza wakashindwa vibaya. Katika kikosi cha India walikuwamo Waislamu, na katika askari wa Kijerumani walikuwamo Waislamu wengi. Muislamu alimlenga Muislamu kwa bunduki kwa ajili ya wafalme wawili, Wilhelm wa Ujerumani na George wa Uingereza, ambao wenyewe walikuwa ndugu, wote wajukuu wa Malkia Victoria. Na Wajerumani hawakuona haya kutumia jina la jihadi, baada ya Sultani wa Uthmaniyya kuitangaza Novemba hiyo hiyo, ili kuwapata Waislamu wa nchi hizi wawe upande wao.

Mwaka 1916 vita vikatufikia mlangoni. Jeshi la Jenerali Jan Smuts liliteremka kwa kufuata Mto Pangani na reli, na katikati ya Juni likaingia Korogwe, kisha likageukia Handeni. Mwezi uliofuata Tanga ikachukuliwa. Mababu zetu wa Kizigua, Kibondei na Kisambaa ndio waliokuwa katika njia ya majeshi hayo. Kila jeshi lilihitaji chakula, na kila jeshi lilihitaji mabega ya kubebea mizigo. Kwa hesabu rasmi za Waingereza peke yake, wapagazi wapatao 95,000 walikufa katika vita vya Afrika Mashariki, wengi wao kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo ya Dar es Salaam limetokana na kikosi hicho cha wapagazi. Hawa hawakupata filamu. Walichopata ni sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, na juu yake yameandikwa maneno ya Kiswahili kwa herufi za Kilatini na kwa herufi za Kiarabu pia, kwa sababu waliokusudiwa kuyasoma walikuwa wamesomeshwa chuoni, kama watoto wetu.

UJASUSI ULIVYOKUWA

Filamu inamwonyesha mtuhumiwa wa ujasusi akiwa ni mtu wa kupendeza, mwenye nywele zilizochanwa na maneno ya kuchekesha. Ujasusi wa vita vile ulikuwa na sura nyingine.

Mkuu wa upelelezi wa Waingereza katika vita hivyo alikuwa Richard Meinertzhagen, aliyekuwamo pia katika mapigano ya Tanga. Katika kumbukumbu zake alisimulia kwamba alikuwa na watu wa kumwokotea makaratasi kutoka vyoo vya kambi za Wajerumani, kwani maofisa walijisafishia kwa barua na amri za jeshi, naye akazisoma. Hiyo ndiyo harufu ya kazi ambayo filamu inaipaka manukato.

Kisa kingine kinachosimuliwa kutokana na yeye kinatisha zaidi. Kulikuwa na Mwarabu mmoja aliyewafanyia Wajerumani upelelezi. Meinertzhagen akamwandikia barua ya kumshukuru kwa habari alizowaletea Waingereza, akatia na fedha, akaituma kwa njia ya kuhakikisha itaangukia mikononi mwa Wajerumani. Ikaanguka. Wajerumani wakamuua mtu wao wenyewe kwa barua ambayo hakupata kuiona.

Na je, tuyaamini yote hayo? Mwaka 2007 mwandishi wa Kimarekani Brian Garfield alitoa kitabu kizima kuonyesha kwamba mengi aliyojisifia bwana huyo ni ya kubuni. Wataalamu wa ndege nao wamethibitisha kwamba aliiba ndege waliohifadhiwa katika makumbusho na kuwaandikia maelezo ya uongo. Basi kisa cha yule Mwarabu ama ni kweli, na hiyo ni dhulma; ama ni uongo, na huko ni kujifakharisha kwa dhulma ambayo hata hakuifanya. Mtu aliyezoea kuwadanganya maadui alimalizia kwa kuwadanganya watu wake. Hilo ndilo tunda la ujasusi usio na mpaka: uongo hautulii pale ulipotumwa, hurudi nyumbani na mwenyewe.

BARUA YA HATIB

Uislamu haukuiacha milango hii bila ya kuiwekea sheria. Mwaka wa 8 Hijria, Mtume (s.a.w.) alipokuwa akijiandaa kuiendea Makka, Sahaba Hatib bin Abi Balta'a (r.a.) aliwaandikia Maquraishi barua kuwajulisha, akampa mwanamke aipeleke. Mtume (s.a.w.) akafunuliwa jambo hilo, akawatuma Ali, Zubeir na Miqdad (r.a.) wamfuate mpaka mahali paitwapo Rawdhat Khakh. Barua ikatolewa katika misokoto ya nywele zake. Kisa hiki kimepokewa na Bukhari na Muslim.

Tuangalie vizuri kilichofuata. Ushahidi ulikuwepo mkononi. Barua ilikuwa ya kweli, siyo ya kutungwa kama ile ya Meinertzhagen. Umar (r.a.) aliomba ruhusa amkate shingo. Lakini jambo la kwanza alilolifanya Mtume (s.a.w.) ni kumuuliza Hatib: ni kitu gani hiki? Hatib akajieleza kwamba hakuritadi, ila ana jamaa Makka wasio na mtetezi, akataka Maquraishi waone ana fadhila kwao ili wasiwadhuru. Mtume (s.a.w.) akathibitisha kwamba amesema kweli, akamkumbusha Umar kwamba mtu huyu alihudhuria Badr. Kisha ikateremka Suratul Mumtahina. Kosa likakemewa kwa ukali, lakini wito ulioanza sura hiyo ni wa wale walioamini. Hatib hakutolewa katika safu.

Tulinganishe. Katika filamu, watu wawili wanahukumiwa kunyongwa kwa dakika chache, na watazamaji wanacheka. Katika kisa cha Mwarabu, mtu anauawa kwa karatasi. Kwa Mtume (s.a.w.), mwenye kosa lililothibiti anasikilizwa, anatazamwa kwa mema yake ya nyuma, na anabaki ndugu.

Je, Waislamu wa mwanzo hawakupeleleza vitani? Walipeleleza. Katika usiku wa baridi kali wa vita vya Ahzab, Mtume (s.a.w.) alimtuma Hudhaifa bin al-Yaman (r.a.) aingie kambi ya maadui alete habari, akamkataza kuwachokoza. Hudhaifa akamwona Abu Sufyan karibu kabisa, akautia mshale kwenye upinde, kisha akalikumbuka katazo, akauondoa. Amepokea Muslim. Huo ni upelelezi wenye amri, wenye mpaka, na usio na matamanio ya nafsi.

HERUFI MOJA

Neno letu la Kiswahili "jasusi" limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kupapasa kitu kwa mkono. Kutokana na asili hiyo Allah (s.w.) ametukataza "tajassus" katika Suratul Hujurat aya ya 12, yaani kupekua siri za wenzetu, na akaliweka katazo hilo katikati ya dhana mbaya na kusengenya. Mpangilio huo una hekima: dhana huzaa upekuzi, na upekuzi huzaa masengenyo.

Katika Suratu Yusuf aya ya 87 kuna neno linalokaribiana nalo kwa herufi moja. Nabii Yaakub (a.s.) aliwatuma wanawe wafanye "tahassus" juu ya Yusuf na ndugu yake, yaani wawatafute wapate habari zao. Wa kwanza anatafuta aibu ya ndugu yake, na wa pili anamtafuta ndugu yake aliyepotea. Kila Muislamu anayefuatilia mambo ya mwenzake na ajiulize: natumia herufi ipi?

KATIKA NYUMBA NA MISIKITI YETU

Kama jambo hili lingeishia kwenye filamu, tusingelichukulia nafasi katika kijarida hiki. Lakini mtu akilishwa utamu wa ujasusi kwa miaka, ataona kila nyumba ni kambi ya adui.

Katika nyumba, mume anaamka usiku kuichungulia simu ya mkewe, na mke anamtuma mtoto akamsikilize baba anazungumza na nani. Ndoa nyingi zinavunjwa na dhana kabla ya kuvunjwa na kosa. Mtume (s.a.w.) ameonya vikali juu ya mtu kuchungulia ndani ya nyumba ya wengine bila ya idhini, na simu ya mtu leo ina siri nyingi kuliko chumba chake.

Katika misikiti hali ni nzito zaidi. Anakuja mgeni, anaswali safu ya nyuma, hajamaliza hata kutoa salamu, watu wananong'onezana: "Huyu katumwa." Mwalimu akihitilafiana na mwenzake katika mas-ala ya fiqhi, wafuasi wanasema analeta habari kwa wakubwa. Neno "mpelelezi" limekuwa rahisi midomoni kuliko "subhanallah". Hakuna barua iliyokamatwa, hakuna aliyeulizwa, na hukumu imekwishatolewa. Mtuhumiwa anahama msikiti, na watoto wake wanahama madrasa. Hata Hatib aliyekuwa na kosa alipata kusikilizwa, sembuse huyu ambaye pengine kosa lake ni kuvaa suruali na shati ambazo hatukuzizoea?

Tumkumbuke tena Hudhaifa (r.a.). Mtume (s.a.w.) alimwamini kwa majina ya wanafiki wa Madina. Yeye ndiye aliyejua kwa yakini, wala hakuyatangaza. Hata Umar (r.a.), alipomuuliza kwa khofu ya nafsi yake kama jina lake limo, aliuliza juu yake mwenyewe, hakuuliza juu ya jirani yake. Leo asiyejua kitu anatangaza majina, na aliyejua kwa wahyi alinyamaza.

Tusieleweke vibaya. Mwenye kuona dhara ya wazi inaandaliwa, damu itamwagwa au mtoto ataharibiwa, akawajulisha wenye mamlaka, huyo hakufanya tajassus, bali ametekeleza wajibu. Kilichokatazwa ni kupekua kilichofichika na kumtia mtu doa kwa dhana.

TUFANYE NINI?

Kwanza, wazazi na walimu tuzungumze na vijana juu ya wanachokitazama, tusiishie kukikataza. Kijana aulizwe: shujaa huyu amemdanganya nani, na nani amelipa gharama? Mwanamume na mwanamke wasio maharimu kukaa faraghani siku kadhaa wa kadhaa, kisha yote yakasafishwa kwa maneno machache ya nahodha, unaona ni sawa?

Pili, tuwafundishe watoto historia ya nchi yao. Mtoto wa Korogwe au Handeni asimjue Bogart kabla ya kujua kwamba mwaka 1916 majeshi yalipita katika mashamba ya babu zake. Wazee waliosimuliwa na baba zao wangalipo. Maimamu wawaombe wasimulie baina ya Magharibi na Isha, na vijana wayaandike. Huo nao ni tahassus, kuwatafuta ndugu zetu waliopotea.

Tatu, viongozi wa misikiti waweke utaratibu: yeyote mwenye kumtuhumu Muislamu mwenzake kwa upelelezi, unafiki au usaliti, alete ushahidi mbele ya imamu na wazee, na mtuhumiwa awepo asikilizwe. Asiyekuwa na ushahidi anyamaze, na akiendelea akatazwe hadharani kama alivyotuhumu hadharani. Amri ya kuhakikisha habari imo katika sura ile ile ya Hujurat, aya ya 6.

Nne, kila mmoja wetu aanze nyumbani kwake usiku wa leo: simu isiyo yako iache ilale.

Watu wa filamu waliondoka, mashua yao ikabaki kuwa kitu cha kutazamwa na watalii. Sisi tumebaki na majirani zetu, wake zetu na safu zetu za swala, na kwa hayo ndiyo tutakayoulizwa. Tunamuomba Allah (s.w.) azisafishe nyoyo zetu na dhana mbaya, asitiri aibu zetu kama tunavyositiri za wenzetu, na awarehemu waliokufa wakibeba mizigo isiyokuwa yao.

Wabillahi tawfiq.